MKOPO USIOSOMWA

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na wananchi



Tumekujieni leo kusema juu ya madeni ya nchi changa kwa Uchina. Ifahamike kwanza kwamba hatukuja kuwatukana Wachina. Madaktari wao wamewatibu watu wa Unguja na Pemba tangu miaka ya 1960. Na mataifa ya Magharibi yalipokataa kuijenga reli ya Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Uchina iliijenga, baina ya 1970 na 1975, kilomita 1,860, kwa mkopo usio na riba. Mwenye kusahau fadhila si muungwana.

Lakini fadhila ya jana haituzuii kuuliza mkataba wa leo.

Tuitazame Sri Lanka, kisiwa mwenzetu. Serikali ya Rais Mahinda Rajapaksa ilikopa kwa Benki ya Exim ya Uchina dola milioni 307, kwa riba ya asilimia 6.3, ili kuanza kujenga bandari ya Hambantota, katika wilaya ya kwao Rais. Bandari ilifunguliwa mwaka 2010. Meli ziendazo Ulaya na Asia zilipita mbele yake. Zilizotia nanga zilikuwa chache. Mwaka 2017 ilikodishwa kwa kampuni ya Kichina, kwa dola bilioni 1.12, muda wa miaka 99. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule, akijaaliwa umri, atakuwa mkongwe kabla muda haujesha.

Wengi husema kwamba Uchina iliinyakua bandari kwa sababu ya deni. Sivyo. Fedha za ukodishaji hazikuufuta mkopo wa bandari. Ziliingia hazina kuongeza akiba ya fedha za kigeni, kwani nchi ililemewa na madeni mengine, na sehemu kubwa ilikopwa katika masoko ya fedha ya dunia. Bandari imekwenda, mkopo umebaki. Na Aprili 2022 Sri Lanka ikatangaza kwamba haiwezi kulipa madeni yake ya nje.

Basi khatari haikuanzia Beijing peke yake. Ilianzia nyumbani, kwa viongozi waliotia saini pasi na kuulizwa.

Hata jirani zetu wa Kenya yamewafika. Mikataba ya mikopo ya reli mpya ya Mombasa na Nairobi ilitiwa saini mwaka 2014. Serikali ilichapisha sehemu yake Novemba 2022, reli imekwisha kujengwa na deni linalipwa. Ndani yake mlikuwamo sharti la kuificha mikataba, na sharti kwamba ugomvi ukizuka utaamuliwa Beijing.

Kwa hiyo twadai mambo matatu, awe mkopeshaji ni Mchina, Mzungu au Mwarabu. Kwanza, mkataba usomwe barazani kabla ya kutiwa saini. Pili, uandikwe kwa Kiswahili, kila mlipa kodi aufahamu. Tatu, riba, muda na dhamana vitangazwe hadharani.

Wazee walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Nasi twaongeza: harusini hualikwa wakubwa wachache, matangani hukalishwa nchi nzima.