CD4 Nyingi Si Kupona

 Hapa Bujumbura nimeonyeshwa tena karatasi ya maabara, imekunjwa ndani ya fundo la kanga: CD4 612. "Nimepona, mwanangu. Dawa za UKIMWI nimeacha." Umepona wapi, mama?

CD4 ni protini iliyo juu ya baadhi ya chembe nyeupe za damu, zile zinazoongoza kinga ya mwili. Maabara hutumia kingamwili zilizotiwa rangi ya kung'aa. Zinanata kwenye protini hiyo, mwanga wa leza unazimulika, mashine inahesabu. Mwenye afya huwa na chembe hizo kama 500 hadi 1,500 katika maikrolita moja ya damu. Mambo ya mashine tuyaache hapo.

Kubwa ni hili: virusi vya UKIMWI huingilia kwenye CD4 hiyohiyo. Mwaka 1984 watafiti wa Paris na London waliiziba kwa kingamwili, virusi vikashindwa kuingia. Lakini vikishaingia, vingine hulala ndani ya chembe miaka na miaka, dawa isivifikie. Ile karatasi yako imehesabu chembe, mama, haikuhesabu virusi! Wingi wa virusi una kipimo chake. Ukiacha dawa, vilivyolala vinaamka, mara nyingi ndani ya wiki chache tu. Watu wa Gatumba, tuta likizuia maji ya mto Rusizi, mtalibomoa kwa kuwa uani kumekauka?

Kuna muuza ndagala mmoja, naye alifurahia namba, akaacha dawa. Alirudi kliniki na kifua kikuu, CD4 hazifiki 100. Zikishuka chini ya 200 tu, maradhi mazito yanabisha hodi.

Na wewe unayegawana vidonge na mumeo! Na wewe unayevuka mpaka kwenda Uvira siku tatu, kopo la dawa limebaki kabatini! Na wewe unayeombewa leo, kesho unatupa dawa: omba, lakini meza. Wengine bado wanangoja CD4 zishuke ndipo waanze. Hiyo ni habari ya zamani. Tangu 2015 Shirika la Afya Duniani linasema kila mwenye virusi aanze dawa, hata CD4 ziwe ngapi.

Namba ikipanda, ni dawa inafanya kazi. Saa yako ya leo ikifika, meza.