Tupime Mzigo Kwanza, Kisha Tutafute Gari

(Mazungumzo ya timu ya kazi mashinani mbele ya mkutano wa wanachama, Baraka)



Komiti ilituomba tuseme juu ya jambo moja tu leo: gari la kuvuta rimoki ya chama, ile ambayo sisi tuliozoea maneno ya Nyarugusu tunaiita tela. Kazi yake mnaijua. Inabeba mashini ya kusaga, inaenda nayo kijiji hadi kijiji, na mama anasagiwa muhogo karibu na nyumba yake badala ya kuubeba kichwani mpaka mjini. Hadi leo tunakodi gari, na pesa ya kukodi inakula faida. Ndiyo maana wengi wanasema: tununue letu. Hapo tunakubaliana. Kinachobaki ni gari gani, na tulinunue lini.

Mlitutuma tuangalie magari matatu. La kwanza ni RAV4 ya zamani, ya esansi, ambayo sanduku letu linaiweza hata leo jioni. La pili ni Hilux ya milango minne, ya mazutu. Hiyo inazidi sanduku kidogo. La tatu ni Land Cruiser pikap, ile HZJ79, na bei yake inakaribia mara mbili ya tulicho nacho.

Tumesikia wanachama wakisema: «RAV4 ilijaribiwa sokoni, ilivuta vizuri, sasa tunangoja nini?» Ni kweli, ilivuta. Lakini pale sokoni ni tambarare, na rimoki ilikuwa tupu. Kabla ya kusema gari fulani linaweza, lazima tujue linaweza nini. Kwa hiyo tulianza na mizani.

Tulichukua mizani ya magunia tukapima kila kitu. Rimoki tupu: kilo 420. Mashini pamoja na injini yake: kilo 380. Magunia kumi ya kilo 50, ambayo shofere anayarudisha nayo karibu kila safari: kilo 500. Bido za mazutu, vyombo vya fundi, gurudumu la akiba, kamba: kilo 100. Jumla ni kilo 1.400. Na hapo hatujahesabu wale wanaopenda kukaa juu ya magunia.

Sasa angalieni. RAV4 ya zamani yenyewe ina uzito wa tani moja na robo hivi, kutegemea mwaka na mlango. Maana yake rimoki yetu ikijaa ni nzito kuliko gari linaloivuta. Kwenye kupanda, injini ndogo italia, ambreyaji itaungua, lakini pengine tutafika. Shida iko kwenye kushuka. Nani hapa hajui barabara ya Fizi? Fizi-Centre iko juu mlimani, Baraka iko chini kwenye ziwa. Kile tulichopanda nacho ndicho tutashuka nacho. Mzigo mzito nyuma ya gari jepesi unalisukuma. Kwenye kona unataka kulipita. Shofere akikanyaga breki, matako ya gari yanaenda pembeni na rimoki inajikunja kama kisu cha mfukoni. Zaidi ya hapo, RAV4 haina shasi ya vyuma kama pikap. Bodi yake ndiyo inabeba kila kitu, na kwa barabara zetu ndoano ya kuvutia itaanza kupasua pale ilipofungwa.

Kwa hiyo RAV4 tunaiweka pembeni. Ni gari zuri la kupeleka mgonjwa hospitali, ila kwa rimoki hii hapana.

Zinabaki mbili. Hilux ina shasi, ina mazutu, na ni nyepesi kidogo kwa matumizi. Land Cruiser HZJ79 ina injini ya lita 4,2, silinda sita, bila turbo. Pampu yake ya mazutu ni ya chuma tupu, haitegemei kompyuta, na fundi wa hapa anaifungua na kuifunga. Nyuma ina springi za vyuma bapa zinazovumilia mzigo. Gari lenyewe ni karibu tani mbili, hivi linaishikilia rimoki badala ya kushikiliwa nayo. Kama mngetuuliza gari tu, tungejibu: Land Cruiser, na Hilux ikiwa nzima ni ya pili.

Lakini, wapendwa, kuna jambo ambalo hakuna aliyeliuliza, na ndilo zito kuliko yote. Kila gari lina vikomo viwili vya kuvuta: kimoja kwa rimoki yenye breki zake yenyewe, kingine kwa rimoki isiyo na breki. Kwa magari mengi, hata haya makubwa, kikomo cha rimoki isiyo na breki ni kilo 750. Yetu ni kilo 1.400, na breki haina hata moja. Maana yake tukinunua hata Land Cruiser mpya kabisa, siku ya kwanza tutakuwa tumebeba karibu mara mbili ya kinachoruhusiwa.

Breki za rimoki zinafanyaje kazi? Si uchawi. Ile shingo ya rimoki inatengenezwa iwe na sehemu inayoteleza. Gari likipunguza mwendo, rimoki inasukuma mbele, shingo inaingia ndani, inavuta waya, na waya unafunga breki kwenye magurudumu ya rimoki. Inajifunga yenyewe kadiri inavyosukuma. Ukiongeza mnyororo wa usalama, ndoano ikikatika rimoki haiendi peke yake kwenye soko la watu.

Na mwendo tusiuchezee. Gari likitoka kilomita 40 kwa saa likafika 80, nguvu ambayo breki zinapaswa kuimeza haizidi mara mbili, inazidi mara nne. Kwenye mteremko shofere aingize vitesi vya chini tangu juu, injini imsaidie, asingoje breki zipate moto ndipo akumbuke.

Kuna pia namna ya kupakia. Mashini ikae katikati, juu ya magurudumu au mbele yake kidogo. Uzito unaokalia ndoano uwe karibu kumi kwa mia ya rimoki nzima. Kwa yetu ni kilo 140 hivi, bila kuzidi kile kilichoandikwa kwenye ndoano. Mizani ya magunia inatosha: egemeza shingo ya rimoki juu yake, soma. Magunia yote yakitupwa nyuma, shingo inakuwa nyepesi na rimoki inaanza kuyumba kama mlevi. Ikiyumba, shofere asikanyage breki kwa nguvu. Atoe mguu kwenye mafuta, ashike usukani sawasawa, mwendo upungue polepole.

Wengine watauliza juu ya mafuta. Ndiyo, Land Cruiser inakunywa. Lakini gari dogo linalovuta kitu kizito kuliko lenyewe nalo linakunywa, kisha linadai ambreyaji. Hesabu ya mwaka mzima siyo ile ya siku ya kununua.

Basi, mapendekezo yetu ni matatu. Kwanza, pesa iliyopo itoe sehemu yake kwa breki za rimoki, shingo yake, mnyororo na taa za nyuma, kabla ya gari lolote. Pili, msimu huu tuendelee kukodi, ila tukodi pikap yenye shasi tu, kwa siku zilizopangwa, bei ya kupatana mara moja, na magunia yapungue kutoka kumi hadi matano kwa kila safari mpaka breki ziwekwe. Tatu, pesa ya gari isiguswe. Iendelee kukua kwa ajili ya Land Cruiser au Hilux nzima, na fundi wetu ailaze chini aangalie shasi yake kabla ya kulipa hata dola moja.

Tunajua kungoja kunauma. Wengi wetu tulirudi kwa boti toka Kigoma na mabunda mawili, na gari la chama lingeonyesha kwamba tumesimama. Kwenu wafadhili tunasema wazi: breki haionekani vizuri kwenye picha kama gari jipya linavyoonekana. Lakini njiani kuna watoto wanaotoka masomo, kuna mama na mizigo, kuna vijana wa moto. Rimoki yetu itapita kati yao kila juma.

Mkutano ndio wenye neno la mwisho. Tunaomba kura ipigwe leo, pendekezo moja moja, na karatasi ya mizani ibandikwe ukutani ofisini ili kila mwanachama aisome mwenyewe.