Saratani ya Kibofu: Figo Dhaifu Si Mwisho wa Matibabu

Maandishi ya mazungumzo ya afya kwa wakazi wa Kaunti ya Machakos



Mazungumzo ya leo yanahusu ugonjwa ambao wengi huutaja kwa kunong'ona kwa sababu unagusa sehemu za siri. Ni saratani ya kibofu cha mkojo. Yanahusu hasa mgonjwa mwenye figo dhaifu, ambaye mara nyingi hurudi nyumbani akiamini kwamba hana tiba tena.

Dalili kuu ni damu kwenye mkojo. Mara nyingi damu hiyo haina maumivu. Hutokea leo, hupotea wiki mbili au mwezi, kisha hurudi. Ikipotea, mtu hudhani amepona. Mwingine husema ni kisonono, mwingine ni kazi nzito ya shamba, mwingine ni kichocho. Ni kweli kwamba kichocho cha mkojo, kinachopatikana zaidi Pwani, kinaweza kusababisha saratani ya kibofu kikikaa miaka mingi bila matibabu. Lakini kichocho kilichofanyiwa utafiti kwa muda mrefu Machakos, hasa Kangundo, ni kile cha utumbo. Kwa hiyo mkazi akiona damu kwenye mkojo asijipe jibu mwenyewe. Aende apimwe.

Chanzo kikubwa kinachojulikana ni uvutaji wa sigara. Sumu za moshi huchujwa na figo, kisha hukaa ndani ya kibofu zikisubiri kutoka. Ugonjwa huu huwapata wanaume kuliko wanawake, na huongezeka kadiri umri unavyosonga. Hapo ndipo shida ya figo inapoingia. Mtu wa miaka 70 huenda ameishi na shinikizo la damu au kisukari kwa miaka mingi, na maradhi hayo mawili huchosha figo.

Saratani ikiwa juu juu kwenye ngozi ya ndani ya kibofu, daktari huikwangua kwa kifaa kinachopitishwa kwenye njia ya mkojo. Ikiingia kwenye msuli wa kibofu, mambo hubadilika. Kwa miaka mingi jibu limekuwa kuondoa kibofu chote. Mkojo huelekezwa kwenye tundu tumboni na kukusanywa katika mfuko. Upasuaji huo umeokoa maisha ya wengi, na anayevaa mfuko hana aibu yoyote. Hata hivyo ni upasuaji mkubwa. Kuna wazee ambao miili yao haiwezi kuuhimili, na wapo wanaoukataa.

Njia ya pili ni kutibu saratani na kukiacha kibofu mahali pake. Ina hatua tatu. Kwanza, daktari wa upasuaji hukwangua uvimbe wote unaoonekana kwa kupitia njia ya mkojo. Pili, kibofu hupigwa mionzi, siku tano kwa wiki. Tatu, katika majuma hayohayo mgonjwa hupewa dawa za kemo kwa kiasi kinachofanya seli za saratani zishindwe kustahimili mionzi. Baadaye kibofu huchunguzwa kwa kamera mara kwa mara kwa miaka. Saratani ikirudi kwenye msuli, kuondoa kibofu bado kunawezekana kwa mgonjwa mwenye nguvu za kutosha.

Sasa figo. Dawa ya kemo inayotumika sana kwa saratani hii ni sisplatini. Hutolewa mwilini na figo, na yenyewe inaweza kuziharibu. Kwa hiyo kabla ya kuitoa, daktari hupima damu kuona figo zinachuja kiasi gani. Figo zenye afya huchuja takriban mililita 90 hadi 120 kwa dakika. Zikishuka chini ya 60, madaktari wengi husita kutoa sisplatini. Mgonjwa akisikia kwamba hawezi kupewa dawa hiyo, husikia kwamba hawezi kutibiwa. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Uingereza ilifanya utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2012. Wagonjwa 360 walihusika. Wengine walipewa mionzi peke yake, wengine mionzi pamoja na dawa mbili, fluorourasili na mitomaisini, ambazo hazizitegemei figo kama sisplatini. Baada ya miaka miwili, asilimia 67 ya waliopata mionzi na dawa hawakuwa na saratani kwenye kibofu wala maeneo ya karibu. Kwa waliopata mionzi peke yake ilikuwa asilimia 54. Dawa nyingine inayotumika pamoja na mionzi ni jemsitabini, kwa kiasi kidogo. Chaguo hutegemea vipimo vya kila mgonjwa, na daktari wa saratani ndiye huamua.

Kuna jambo lingine ambalo familia zinapaswa kulijua. Wakati mwingine figo zimedhoofika kwa sababu uvimbe wenyewe umeziba mrija unaoleta mkojo kutoka kwenye figo. Mkojo hurudi nyuma na figo huvimba. Picha ya altrasaundi inaweza kuonyesha hali hiyo. Daktari anaweza kuweka kimrija cha kufungua njia, na figo zikapata nafuu. Ndiyo maana ni muhimu kuuliza kwa nini figo zimeshuka, badala ya kupokea namba tu. Ni muhimu pia kuacha kujinunulia dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, maana huumiza figo ambazo tayari zimechoka. Dawa za mitishamba nazo zitajwe kwa daktari bila kuficha.

Njia hii haimfai kila mtu. Uvimbe ukiwa mwingi kibofuni, ukishindwa kukwanguliwa vizuri, ukiziba mirija ya figo, au kibofu kikiwa hakishiki mkojo tena, daktari anaweza kushauri upasuaji. Saratani ikiwa imesambaa mwilini, matibabu huwa ya namna nyingine. Mionzi nayo ina madhara yake: uchovu, kwenda haja ndogo mara kwa mara, maumivu wakati wa kukojoa na kuharisha. Mengi hupungua baada ya majuma kadhaa, ingawa kwa baadhi ya watu hubaki.

Kwa mkazi wa Machakos, swali gumu mara nyingi ni nauli. Mionzi hutolewa Nairobi, katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta na Hospitali ya Mafunzo, Rufaa na Utafiti ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mzee wa Masinga au Mwala hawezi kwenda na kurudi kila siku. Hapa kuna habari njema. Ratiba mbili zimetumika kwa muda mrefu: vipindi 32 kwa zaidi ya majuma sita, au vipindi 20 kwa majuma manne. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba ratiba fupi haishindwi na ile ndefu. Mgonjwa ana haki ya kuuliza kama ile fupi inamfaa. Kupungukiwa na vipindi 12 Nairobi si jambo dogo kwa familia.

Kuhusu malipo, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Matibabu ya saratani yamo, ila yana kikomo kwa mwaka. Familia ijisajili kupitia *147#, ihakikishe michango imelipwa, na iulize kiasi kilichobaki kabla ya mionzi kuanza. Matibabu yakikatika katikati kwa sababu ya malipo, saratani hupata nafasi.

Mgonjwa anapokutana na daktari, aende na mtu wa familia na maswali haya: Je, saratani imeingia kwenye msuli? Figo zinachuja kiasi gani, na kwa nini zimeshuka? Je, kibofu kinaweza kubaki? Kama sisplatini haifai, ni dawa gani itatumika pamoja na mionzi? Ni vipindi vingapi?

Hatua ya kwanza iko karibu na nyumbani. Anayeona damu kwenye mkojo, hata mara moja, aende kituo cha afya kilicho karibu au hospitali ya Kangundo, Matuu, Kathiani, Mwala au Machakos Level 5. Akiambiwa ni maambukizi, akapewa dawa na damu ikarudi, arudi pia na aombe rufaa. Wahudumu wa afya wa jamii, mnapopita nyumbani, waulizeni wazee jambo hili kwa heshima na faraghani. Wengi wanangoja kuulizwa tu.