Kiu ya Intaneti na Mfuko wa Mwekezaji



Matumizi ya intaneti yanapanda kila mwaka, na hilo halibishaniwi; mwanafunzi aliyenunua bando asubuhi anajua halifiki jioni. Ninachobishia ni hesabu inayofuata: kwamba matumizi yakipanda, aliyetandaza mkongo atapata faida.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 wawekezaji wa Marekani waliaminishwa kwamba data inayopita kwenye intaneti inaongezeka maradufu kila siku 100. Kampuni ya simu ya WorldCom ilikuwa miongoni mwa waliolivumisha dai hilo. Mwaka 1998 Andrew Odlyzko na Kerry Coffman, watafiti wa AT&T, walipiga hesabu wakakuta maradufu hiyo huchukua takriban mwaka mzima. Bado ni kasi ya kutisha, ila siyo iliyokuwa ikiuzwa sokoni. Global Crossing, iliyozungusha mikongo baharini, iliomba kinga ya mufilisi Januari 2002. WorldCom ikafuata Julai. Wenye hisa walitoka mikono mitupu. Nyaya zenyewe zilibaki chini ya bahari, zikifanya kazi.

Wengi husimulia kisa hiki kama cha uongo na tamaa tu. Mimi naona fundi alichangia pia. Uzi uleule wa kioo ulianza kubeba rangi nyingi za mwanga kwa pamoja, kila rangi na data yake. Ukibadilisha mitambo ya nchi kavu, mkongo wa zamani unabeba zaidi bila meli kurudi baharini. Bei ikaporomoka. Na matumizi yakiongezeka mara mbili huku bei ikishuka kwa nusu, mapato yamesimama palepale, lakini riba ya mkopo haisimami.

Pwani yetu ya Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti hadi 2009, mkongo wa TEAMS ulipofika Mombasa kutoka Fujairah na SEACOM ukaziunganisha Dar es Salaam na Mombasa na dunia. EASSy ukaja 2010. Mikongo mitatu ndani ya muda mfupi hivyo! Kwa maoni yangu, waliovuna zaidi ni walioinunua huduma hiyo kwa bei nafuu wakajenga biashara juu yake: kampuni za simu, benki, wauzaji wa mtandaoni.

Sasa limeongezeka jambo ambalo 2002 halikuwapo. Wateja wakubwa wanachimba visima vyao wenyewe. Meta imo katika ubia wa mkongo wa 2Africa. Google ilitangaza mkongo wake wa Umoja mwaka 2024. Ukiandika makisio ya mapato leo, usiwahesabu hao kama wanunuzi wa kudumu.

Fursa iko wapi basi? Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM ilikatika kwa pamoja upande wa kusini, na intaneti ya Tanzania ikayumba vibaya. Kumbe mikongo miwili inayopita bahari moja si njia mbili. Njia ya nchi kavu, kama ile ya Umoja kupitia Uganda, Rwanda, Kongo na Zambia, ina thamani ambayo bei ya megabiti haiwezi kuipima. Vivyo hivyo majengo ya seva yenye umeme wa uhakika, pale mikongo inapokutana. Fedha za mfuko wa pensheni ningeziweka huko, tena baada ya kusoma mikataba: nani amenunua, kwa miaka mingapi, na bei ikishuka hasara anabebeshwa nani.