Toa Maji Kwanza, Ndipo Uwashe

Msikilizaji mwenye kijiko, greda au mashine ya kuchanganyia zege, mtambo wako umekaa wiki kadhaa bila kazi? Usikimbilie kuuwasha. Kwanza toa maji kwenye dizeli.

Maji hayo yanatoka wapi? Tangi lisilojaa lina hewa ndani. Usiku hewa inapoa, unyevu unageuka matone. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo yanazama chini. Yakifika kwenye pampu na nozeli yanaleta kutu. Injini inawaka kwa shida, inakosakosa, inazima. Wengi hapo hulaumu betri, wananunua mpya bure.

Tafuta chujio la kutenganisha maji, lile lenye kikombe na koki chini yake. Kinga chupa safi inayoonyesha. Legeza koki, kisha itazame chupa kwenye mwanga. Ukiona matabaka mawili, la chini ni maji. Endelea mpaka itoke dizeli tupu. Funga koki, toa hewa kwa pampu ya mkono, ndipo uwashe.

Ukiuegesha tena, jaza tangi siku hiyohiyo. Na opereta unayemwachia funguo mwambie: kwanza toa maji. Ulichokinga usikimwage chini. Kitie kwenye dumu, mbali na moto.