MGENI NJOO, MWENYEJI APONE
Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa mitaa ya Eastlands, Nairobi



Tumeombwa na kamati tuseme juu ya majeshi yanayopelekwa katika nchi za watu kwa ajili ya kuokoa maisha, na kwa nini mara nyingi kazi hiyo huharibika. Huenda mtu akauliza: jambo hili lahusu nini chama cha wafanyakazi?

Jibu tunalo karibu. Sisi wa Eastlands hupita Kariokor kila siku. Jina hilo latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliochukuliwa katika vita vya 1914 hadi 1918. Maelfu kwa maelfu yao walikufa, wengi si kwa risasi bali kwa ugonjwa na njaa, na mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia jamaa zao. Basi serikali zinapoamua kutuma watu, hata kwa nia njema, anayebeba mzigo ni mtu wa kazi. Ana haki ya kuuliza.

Tuanze na Somalia. Serikali ya Siad Barre iliangushwa Januari 1991. Kabla mwaka haujaisha, Ali Mahdi na Jenerali Aidid walikuwa wakipigania mji wa Mogadishu. Vita na ukame vikaleta njaa, na Baidoa ikawa mji wa mazishi. Chakula kilifika bandarini lakini kilinyang'anywa njiani. Mashirika ya msaada yalilazimika kukodi watu wenye bunduki walinde malori, na fedha hizo zikaingia katika mifuko ya wale wale waliokuwa wakipigana. Waliokimbia waliingia kwetu, wengine katika kambi za Dadaab, wengine hapa Eastleigh, na leo ni jirani zetu.

Mwezi wa Agosti 1992 ndege za Marekani zilianza kupeleka chakula kutoka Mombasa. Tarehe 9 Desemba 1992 askari wa Marekani walishuka ufukoni Mogadishu, na pamoja na wenzao wa nchi nyingine walifika karibu 37,000. Kazi yao ilikuwa moja: kufungua njia ili chakula kipite. Waliifanya, na watu wengi walipona. Hilo tuliseme, maana haki husemwa yote.

Kisha mambo yakaharibika. Tumeyapanga mafunzo yake ili tuyakumbuke.

La kwanza: kazi iliongezwa na watu wakapunguzwa. Mwezi wa Mei 1993 Umoja wa Mataifa ulipokea kazi kwa ruhusa ya askari 28,000 tu, wakaambiwa wanyang'anye silaha na kusaidia kujenga serikali ya nchi nzima. Mtu wa kiwandani anaijua hila hii. Zamu ya watu kumi yapewa watu saba, kazi yafanywa maradufu, kisha msimamizi anashangaa mashine ikivunjika.

La pili: mpatanishi aligeuka kuwa mgomvi. Tarehe 5 Juni 1993 askari 24 wa Pakistan waliuawa siku walipokwenda kukagua ghala za silaha. Kesho yake Baraza la Usalama likaagiza wenye hatia wakamatwe, na tangu hapo kazi ya kulisha watu ikawa kazi ya kumsaka Aidid. Tarehe 12 Julai helikopta za Marekani zilipiga nyumba walimokuwa wamekutana wazee, na wengi wakafa. Umati wenye hasira ukawaua waandishi wanne wa habari waliokwenda kupiga picha. Wawili kati yao walikuwa Wakenya. Walikwenda kazini na vyombo vyao vya kazi, wakalipa deni lisilokuwa lao. Tarehe 3 na 4 Oktoba wakafa askari 18 wa Marekani na Wasomali kwa mamia. Machi 1995 askari wa mwisho wa Umoja wa Mataifa waliondoka, na serikali ya Somalia haikuwapo.

La tatu: wenyeji hawakusikizwa. Bwana Mohamed Sahnoun wa Algeria, mjumbe wa Umoja wa Mataifa, alikuwa akienda kwa wazee wa koo na kuzungumza nao kwa subira. Aliusema waziwazi uzembe wa wakubwa zake, na Oktoba 1992 akajiuzulu. Lakini tazameni Baidoa. Kuanzia Januari hadi Mei 1993 askari wa Australia walizunguka mjini kwa miguu, wakalinda malori ya chakula, wakawasaidia wenyeji kurudisha polisi na mahakama yao. Hali ya mji ikatengemaa kuliko Mogadishu. Safari ilikuwa ile ile, njia ikawa nyingine.

La nne: mwokozi naye ashitakiwe akikosa. Mwezi wa Machi 1993, huko Beledweyne, askari wa Kanada walimtesa kijana Msomali wa miaka 16 mpaka akafa. Wako walioshitakiwa, uchunguzi ukafanywa mbele ya watu wote, na mwaka 1995 kikosi chao kikavunjwa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji azikwe.

La tano, ndilo zito kuliko yote: serikali kubwa zilijifunza funzo lisilo sawa. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Baada ya Mogadishu zilisema, tusiende tena. Januari 1994 Jenerali Dallaire, mkuu wa askari wa Umoja wa Mataifa huko Rwanda, alipeleka habari za silaha zilizofichwa Kigali, akataka kuzikamata. Alikatazwa. Mauaji yalipoanza Aprili, askari kumi wa Ubelgiji waliuawa, na serikali yao ikawaondoa waliobaki. Tarehe 21 Aprili Baraza la Usalama likaamua kupunguza kikosi mpaka watu 270. Katika muda wa siku 100 hivi waliuawa watu wapatao 800,000. Kwa hiyo, ndugu, asiwepo mtu atakayetoka hapa akisema kwamba tumewafundisha kumwacha jirani afe. Kwenda vibaya ni kosa, na kukaa ukitazama ni kosa.

Mambo haya si ya kale. Tarehe 2 Oktoba 2023 Baraza la Usalama liliruhusu kikosi kiende Haiti, Kenya ikiwa kiongozi. Januari 2024 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kwamba kupeleka polisi kwa namna ile hakukufuata Katiba. Mkataba na Haiti ukatiwa sahihi, na tarehe 25 Juni 2024 polisi wa kwanza 400 wakafika. Walifika kwa watu waliokuwa na kumbukumbu chungu: mwaka 2010 askari wa Umoja wa Mataifa waliingiza kipindupindu kilichoua watu karibu 10,000. Kikosi kilikusudiwa kiwe na watu 2,500, lakini hakikufika nusu, na fedha zake zilitegemea michango ya hiari. Wako polisi wetu waliofia huko. Septemba 2025 Baraza likaamua kikosi hicho kigeuzwe kiwe kingine, kikubwa zaidi.

Polisi wale ni watoto wa mitaa kama hii yetu, nao kwa sheria hawaruhusiwi kuwa na chama cha wafanyakazi. Hawawezi kusimama kama sisi na kudai. Basi tuulize sisi kwa niaba yao. Kila serikali itakapotaka kutuma watu, wabunge wetu waulizwe haya:

1. Kazi ni ipi hasa, na nani ana ruhusa ya kuibadilisha?
2. Watu na vyombo vinatosha kazi hiyo?
3. Nani analipa, na fedha ziko mkononi au ni ahadi?
4. Wenyeji wameulizwa, au wakubwa wao tu?
5. Akikosa askari, atashitakiwa wapi? Akifa, mjane atalipwa na nani, na lini?

Wapagazi wa Kariokor hawakuwa na mtu wa kuwaulizia. Hawa wa leo wanao: ni sisi tulioketi hapa.

Umoja ni nguvu.