Amana Iliyo Chini ya Kifuniko

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeujaalia usiku na mchana kuwa na kipimo. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Enyi ndugu Waislamu, tunaziusia nafsi zetu pamoja nanyi kumcha Mwenyezi Mungu katika yaonekanayo na yaliyofichika. Leo tunazungumza juu ya amana ya kazi, na mfano wetu ni saa ya mkono.

Hadi leo twasema "kutia saa ufunguo". Hapo kale ulikuwa ufunguo hasa, hata Adrien Philippe alipopata hati ya uvumbuzi nchini Ufaransa mwaka 1845, kwa saa ijazwayo kwa kichwa chake yenyewe. Kichwa hicho kimefungwa kwenye kijiti chembamba cha chuma kiingiacho ndani ya mashine. Ukikizungusha, kamani hujaa. Ukikivuta, waweza kurekebisha akrabu. Katika saa nyingi za zamani, kijiti hushikwa na kiwenzo ambacho ncha yake hukaa katika mfuo wa kijiti, na kiwenzo nacho hushikwa na skrubu moja. Skrubu hiyo ikilegea, kichwa na kijiti hutoka pamoja.

Ndivyo ilivyotufika sisi kwa saa tuliyoachiwa na marehemu mzee wetu. Tuliipeleka kwa fundi, naye hakuifungua. Alipaka gundi kwenye kijiti, akakirudisha, akapokea ujira wake. Nasi tulifurahi kwa kuwa bei ilikuwa nafuu, wala hatukuuliza amefanya nini.

Ukaingia mwezi wa Ramadhani. Gundi ilizuia kijiti kuzunguka vyema, na kamani haikujaa. Usiku mmoja tuliamka, tukaitazama saa, ikatuonyesha saa tisa na nusu. Tukala daku kwa utulivu. Tungali tunakunywa maji, tukasikia nyayo za watu wakirejea msikitini kutoka sala ya Alfajiri. Kumbe saa ilikuwa imesimama! Siku ile ikatulazimu kujizuia hadi Magharibi, kisha kuilipa baada ya Idi, wakubwa na vijana wa nyumba nzima.

Fundi wa pili alifungua kifuniko mbele yetu. Alisafisha gundi, akakitia kijiti hadi ncha ya kiwenzo ikaingia katika mfuo, akaikaza skrubu kwa bisibisi ndogo. Akatueleza kuwa skrubu hiyo ikilegezwa kupita kiasi, kiwenzo huanguka, na hapo hapana budi kuondoa akrabu na uso wa saa ili kukirudisha. Tena akasema kuwa mfuo ukilika, haifai kudanganya, kijiti hubadilishwa. Kazi yake haikuchukua muda mrefu.

Ndugu zetu, tazameni. Mafundi wote wawili walijua kwamba mwenye saa haoni chini ya kifuniko. Mmoja aliona hapo pana nafasi ya kuficha. Mwingine aliona hapo pana Mola amtazamaye. Nasi hatuna udhuru: tulipenda urahisi kuliko ukweli, na usiku ule hatukuitia saa sikioni ili kuisikia inakwenda.

Kila mmoja wetu anayo skrubu yake isiyoonekana. Mwashi anayo ndani ya ukuta, mpishi ndani ya chungu, mwalimu katika somo aliloliandaa au aliloliacha, mwanafunzi katika jibu alilolifahamu au alilolinakili. Ikilegea, atakayeumia huenda akawa mtu tusiyemjua, katika ibada yake au riziki yake. Basi aliyepaka gundi jana na aifungue leo, aseme kweli, aikaze.

Ewe Mola wetu, tujaalie uaminifu katika kazi za mikono yetu, utusamehe tuliyoyaficha, na uwarehemu wazee wetu waliotutangulia. Amin.